E-1027: nyumba iliyokaribia kumpoteza msanifu wake

Kama uliwahi kupanda mwembe utotoni, bila shaka unaukumbuka ule utomvu unaochirizika embe linapochumwa. Ukikugusa mdomoni, kesho yake unaamka na vidonda, na mama anajua ulikuwa wapi hata kabla hujafungua mdomo. Wabanguaji wa korosho kule Mtwara na Lindi wanalijua jambo hili zaidi: mafuta ya ganda la korosho ghafi yanababua vidole. Sasa, mwembe, mkorosho na mti mmoja wa Asia Mashariki ambao Wajapani huugema ili kupata laka, ile rangi nzito inayong'aa kama kioo, ni ndugu wa familia moja ya mimea. Kemikali zinazowasha ngozi katika miti hiyo mitatu nazo ni jamaa wa karibu.

Nimeanza na utomvu kwa sababu mtu ninayetaka kukusimulia alianza huko huko. Karibu na mwaka 1907, jijini Paris, msichana mmoja kutoka Ireland alikuwa anajifunza kupaka laka, mikono imevimba na inawasha, na hakuacha. Miaka 20 baadaye mikono hiyo hiyo ilichora nyumba ambayo leo inahesabiwa kati ya nyumba muhimu kabisa za karne ya 20. Jina lake ni Eileen Gray. Ukiona hujawahi kulisikia, usijilaumu. Kwa miongo mingi hata wasomi wa usanifu majengo hawakulitaja.

Niseme mapema: mimi si msanifu majengo. Utafiti wangu wa uzamili ulihusu kutu ya nondo katika majengo ya pwani. Nilikutana na Gray nikiwa natafuta mifano ya nyumba za zege zilizoharibiwa na upepo wa bahari, nikasoma kurasa mbili tatu kuhusu zege, halafu wiki nzima ikapita nasoma kuhusu mwenye nyumba. Au tuseme kuhusu nani hasa alikuwa mwenye nyumba, maana hapo ndipo kisa kilipo.

Gray alizaliwa tarehe 9 Agosti 1878 karibu na mji wa Enniscorthy, jimbo la Wexford, katika familia yenye uwezo. Baba alikuwa mchoraji, mama alikuwa wa ukoo wa kikabaila, na jina Gray lenyewe lilitoka upande wa mama. Alisoma sanaa katika chuo cha Slade, London. Huko London ndiko alikopita mbele ya karakana moja mtaa wa Soho iliyokuwa ikikarabati samani za laka, akaingia na kuomba wamfundishe. Mwaka 1902 alihamia Paris. Mwaka 1907 akapata nyumba ya kuishi namba 21 mtaa wa Bonaparte, na anwani hiyo hakuiacha mpaka alipokufa. Paris alimpata fundi wa Kijapani, Seizo Sugawara, na kwa miaka kadhaa akawa mwanafunzi wake.

Hapa nikuombe dakika moja ya kemia, kwa sababu naona laka ndiyo iliyomfundisha Gray kufikiri.

Rangi ya maji ukiipaka ukutani inakauka kwa maji yake kuondoka, kwa hiyo unataka jua na hewa kavu. Laka ni kinyume. Utomvu ule una kemikali inayoitwa urushioli, na ndani yake kuna kimeng'enya kinachoitwa lakasi. Kimeng'enya hiki huchukua oksijeni ya hewani na kuziunganisha molekuli za urushioli, moja kwa nyingine, mpaka unapata mtandao mgumu. Na kimeng'enya hakifanyi kazi pakavu. Kinahitaji joto la wastani na unyevunyevu mkubwa hewani, kama asilimia 70 hadi 80. Yaani kipande ulichokipaka unakiweka kwenye kabati lenye unyevu ili “kikauke”! Unasubiri siku kadhaa, unasugua, unapaka tena. Tabaka 20 si ajabu. Ukiharakisha, inakunjamana na kazi yote unaianza upya. Ikikamilika, haitishwi na maji wala asidi. Ile urushioli, kabla haijajiunga, ndiyo inayowasha mikono, ikishajiunga inatulia.

Mtu aliyekaa miaka mingi na kazi ya namna hiyo hawezi kuchora nyumba kwa pupa.

Samani zake za laka zilipata wateja matajiri mapema. Mwaka 1922 akafungua duka lake Paris, na jina alilolipa ni Jean Désert. Jean, kwa Kifaransa, ni jina la kiume. Hakukuwa na bwana yeyote aliyeitwa hivyo. Mwenye duka alikuwa Gray mwenyewe. Naliona jambo hili kama la kusikitisha kidogo: mwanamke huyu, kabla wengine hawajamfuta, alishajua kwamba mlango unafunguka vizuri zaidi ukiwa na jina la mwanamume juu yake.

Katika miaka hiyo alikuwa na urafiki wa karibu na Jean Badovici, msanifu majengo kutoka Romania, mdogo kwake kwa miaka 15 hivi, aliyehariri jarida la L'Architecture Vivante. Badovici alimhimiza ajenge. Gray hakuwa na shahada ya usanifu majengo. Alijifunza kwa kusoma, kwa kutembelea majengo ya wenzake na kwa kuchora. Kuanzia 1926 hadi 1929 akajenga nyumba ya mapumziko ya kando ya bahari huko Roquebrune-Cap-Martin, kusini-mashariki mwa Ufaransa, karibu na mpaka wa Italia. Hapakuwa na barabara ya gari kufika kwenye kiwanja, vifaa vilisukumwa kwa toroli.

Wakaipa jina E-1027. Linasikika kama namba ya injini, lakini ni barua ya mapenzi iliyofichwa: E ni Eileen, 10 ni J, herufi ya kumi, 2 ni B, 7 ni G. Jina la Gray likawa limemkumbatia Badovici katikati. Lakini karatasi za umiliki ziliandikwa kwa jina la Badovici. Jambo hilo liweke akilini.

Kwa macho nyumba ni ya mtindo wa wakati wake: nyeupe, paa bapa, imeinuliwa kwenye nguzo, madirisha marefu yanayotazama bahari, ngazi ya mzunguko inayopanda hadi juu ya paa. Wasanifu wa kisasa wa enzi hiyo, na kinara wao alikuwa Le Corbusier, walipenda kuizungumzia nyumba kama mashine. Gray alilipinga wazo hilo. Kwake nyumba ilikuwa kama gamba la konokono: inakua kutoka kwenye mwili wa anayeishi ndani. Maneno hayo wengi wanaweza kuyasema. Yeye aliyafanyia hesabu.

Chukua jua. Roquebrune iko karibu nyuzi 44 kaskazini ya ikweta. Huko jua la saa sita mchana linakaa upande wa kusini mwaka mzima, lakini kimo chake kinabadilika mno: mwezi Juni linafika kama nyuzi 70 juu ya upeo wa macho, Desemba kama nyuzi 23 tu. Kwa hiyo turubai lililotandazwa juu ya baraza inayotazama kusini linafanya kazi mbili bila mtu kuligusa. Kiangazi jua liko juu, turubai linalizuia. Baridi ikija, jua linapita chini ya turubai na kuingia sebuleni mpaka ndani. Gray akaelekeza vyumba vya kulala vipate jua la asubuhi. Madirisha yalikunjwa kama pazia la mbao mpaka ukuta mzima unafunguka, na mbele yake kulikuwa na luva unazoweza kuzisogeza na kuzigeuza, upepo upite bila mwanga mkali.

(Usikimbilie kuinakili ramani hii ukajenge Kigamboni. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Saa sita mchana jua la Juni linakuwa upande wa kaskazini na la Desemba upande wa kusini, tena yote mawili yako juu sana. Kwetu kivuli kinatakiwa pande zote mbili, na jua linalochoma kweli ni lile la asubuhi na jioni, linaloingia kwa chini toka mashariki na magharibi. Hesabu ni ile ile, jibu ni tofauti.)

Jikoni ndiko kulikonifurahisha zaidi. Gray aliona kwamba wanawake wa eneo lile wakati wa joto walipika nje na wakati wa baridi walipika ndani. Basi akatengeneza jiko lenye ukuta wa vioo unaokunjika: ukiufungua, unapika nje, ukiufunga, uko ndani. Wabunifu wakubwa wa wakati ule walikuwa wanawafundisha akina mama namna ya kuishi. Yeye aliwatazama kwanza.

Kisha kuna vitu vidogo. Meza ya kulia chakula aliifunika kwa gamba laini la ule mti unaotengenezewa vizibo vya chupa. Sababu? Kelele. Gamba hilo lina vijichumba vingi sana vilivyojaa hewa. Sahani ikigonga, nishati ya mgongano inaishia humo badala ya kutoka kama mlio. Kuna ile meza maarufu ya kioo cha duara na bomba za chuma zinazong'aa, inayosimama kwa mguu wa upande mmoja ili iweze kuingia chini ya kitanda. Kimo chake unakipanga kwa pini. Inasimuliwa kwamba aliibuni kwa ajili ya dada yake aliyependa kunywa chai ya asubuhi kitandani bila makombo kumwagika kwenye mashuka. Ukiona meza ndogo ya namna hiyo kwenye duka lolote la samani leo, asili yake ni hapo. Na ukutani Gray aliandika maneno kwa mihuri ya rangi: mlangoni yanakuambia uingie polepole, na mahali pengine yanakukataza kucheka.

Mwaka 1929 Badovici aliitolea nyumba toleo maalumu la jarida lake, na majina yote mawili yakaandikwa, la Gray na la kwake. Wanahistoria bado wanabishana kiasi gani cha kazi kilikuwa cha Badovici. Mambo ya kiufundi, kama mfumo wa madirisha ya kukunja, yana mkono wake, na si haki kumfuta yeye ili kumrudisha Gray. Ila michoro, samani na ile namna ya kufikiri kuanzia kwenye mwili vinaonekana tena, bila Badovici, kwenye nyumba ya pili ambayo Gray alijijengea mwenyewe karibu na Castellar mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kwangu huo ni ushahidi mzito. Kwenye maabara tungesema jaribio limerudiwa na matokeo yamekuwa yale yale.

Walipoachana, Gray alifungasha akaondoka. E-1027 ikabaki kwa aliyeandikwa kwenye karatasi.

Le Corbusier alikuwa rafiki wa Badovici, akawa anakuja kama mgeni. Aliipenda nyumba ile. Mwaka 1938 alimwandikia Gray barua ya kuisifu. Kisha, mwaka huo huo na uliofuata, akachukua brashi na kujaza kuta zake nyeupe michoro mikubwa ya rangi, mingine ikiwa ya wanawake walio uchi. Msanifu hakuombwa ruhusa. Ipo hata picha ya Le Corbusier akichora huku yeye mwenyewe akiwa uchi. Gray alipojua, aliliona tendo hilo kuwa uharibifu tu. Kuna wanaosema ule ni ukuta wa rafiki yake na mwenye ukuta aliridhia. Sawa. Lakini kuta zile kuwa tupu hakukuwa kusahau kwa Gray. Weupe ule ulichaguliwa, kama vile fundi wa laka anavyochagua mahali pa kutoweka dhahabu.

Kilichoniumiza zaidi hakikutokea ukutani, kilitokea kwenye uchapishaji. Mwaka 1948 michoro ile ilipochapishwa na Le Corbusier kwenye jarida kubwa la usanifu, jina la Gray halikuwepo. Tangu hapo msomaji wa kawaida aliiona nyumba kama ya Badovici, na wengine wakadhani ni kazi ya Le Corbusier mwenyewe. Sisi tunaoandika tasnifu tunajua jambo hili linavyokwenda: mmoja akiacha jina, wa pili anamnukuu wa kwanza, wa tatu anamnukuu wa pili, na baada ya miaka 20 kosa limeshakuwa maarifa. Hakuna aliyedanganya, ukimuuliza mmoja mmoja.

Vita Kuu ya Pili haikumsaidia. Kama mgeni alilazimika kuondoka pwani. Michoro na vitu alivyovihifadhi Saint-Tropez viliteketea, nyumba yake ya Castellar iliporwa, na E-1027 ilikaliwa na askari, ambao kuta zake walizifanya shabaha ya risasi. Baada ya vita Gray alirudi Paris na kuendelea na kazi kimyakimya. Nyumba yake ya mwisho, karibu na Saint-Tropez, aliishughulikia akiwa na miaka ya 70 na kuvuka 80.

Le Corbusier naye alijijengea kibanda cha mbao hatua chache tu kutoka E-1027, kwenye miaka ya 1951 na 1952. Tarehe 27 Agosti 1965 alikufa akiogelea baharini chini ya nyumba ile. Kibanda chake kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2016, pamoja na kazi zake nyingine.

Kurudi kwa Gray kulianza na makala moja. Mwaka 1968 mwanahistoria Joseph Rykwert aliandika juu yake katika jarida la Domus la Italia. Mwaka 1972 pazia lake la laka la kabla ya Vita Kuu ya Kwanza liliuzwa mnadani Paris, na watu wakaanza kuuliza huyu Gray ni nani, wakashangaa kuambiwa yupo hai, mtaa wa Bonaparte. Mwaka 1973 chama cha wasanifu majengo cha Ireland kikampa uanachama wa heshima. Alikufa tarehe 31 Oktoba 1976, akiwa na miaka 98. Mwaka 2009 kiti chake kimoja cha mkono, chenye mazimwi mawili yaliyochongwa, kiliuzwa Paris kwa euro milioni 21.9. Nyaraka na vitu vyake vingi vipo Makumbusho ya Taifa ya Ireland, Dublin, na humo ndimo watafiti wanamotafuta nani alichora nini.

Na nyumba? Hapa sasa tunarudi kwenye taaluma yangu.

Zege jipya lina alkali nyingi sana, pH yake inazidi 12. Katika hali hiyo nondo iliyomo ndani hujivika utando mwembamba usioonekana unaoizuia isipate kutu. Maadui wa utando huo ni wawili. Wa kwanza ni kaboni dioksidi ya hewani, inayopenya taratibu na kushusha pH. Wa pili ni chumvi ya bahari, yaani ayoni za kloridi, ambazo hutoboa utando hata pH ikiwa bado juu. Utando ukishatoboka, chuma kinakuwa kutu, na kutu hujaza nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa. Haina pa kwenda, kwa hiyo inalipasua zege kutoka ndani. Tembea kwenye majengo ya zamani yaliyo karibu na bahari Dar, Tanga au Mombasa, utaziona nondo zimechungulia nje. Cap-Martin ni vivyo hivyo, na wajenzi wa miaka ya 1920 hawakujua kiasi gani cha zege kinatosha kuifunika nondo mbele ya bahari.

Ongeza na miaka ya kutelekezwa. Badovici alikufa 1956, nyumba ikauzwa, ikarithiwa, samani zikatoka moja moja. Mwaka 1996 mmiliki wake aliuawa humo ndani, kisha wakaingia wavamizi na mvua. Mwaka 1999 taasisi ya serikali ya Ufaransa inayolinda fukwe iliinunua. Ukarabati ulichukua zaidi ya miaka 20, nyumba ikaanza kupokea wageni mwaka 2015, na mwaka 2021 kazi kubwa ikakamilika, samani zikiwa zimeundwa upya kufuata michoro na picha za 1929.

Swali lililowatesa wakarabati ni michoro ya Le Corbusier. Ukiifuta, unaharibu kazi ya msanii mkubwa ambayo nayo inalindwa kisheria. Ukiiacha, nyumba ya Gray haiwi tena nyumba aliyoijenga Gray. Iliachwa. Rafiki yangu mmoja anayesoma historia anasema ni sahihi, kwamba uharibifu nao ni sehemu ya ushahidi. Mimi ningeweka mbao mbele ya kila mchoro, siku tatu kwa wiki wageni wauone ukuta mweupe. Tulibishana mpaka chai ikapoa na hatukukubaliana.